Bismillahi ya Kufungua Duka, Alhamdulillahi ya Kufunga

Waulizaji hubadilika, swali ni lile lile. Mwenye genge anataka dua ya kuvuta wateja. Kijana wa bodaboda anataka dua ya kumkinga na ajali. Mwalimu aliyeomba uhamisho mara tatu anauliza asome sura gani na mara ngapi. Mwezi uliopita mama mmoja muuza vitumbua aliniomba nimwandikie maneno kwenye karatasi ayabandike mezani kwake, maana wateja walikuwa wamehamia kwa jirani.

Sikumwandikia. Nilimwomba anisimulie asubuhi yake. Anaamka saa tisa usiku, anausaga mchele alioloweka, anasubiri uumuke, anawasha mkaa. Adhana ya alfajiri humkuta jikoni, na mara nyingi huswali jua limeshatoka. Tena wiki zile alikuwa amepunguza nazi kwa sababu bei ilipanda, na hakumwambia mteja yeyote. Nikamwambia, "Mama, hapo pana mambo mawili ya kushughulikia kabla hatujafika kwenye karatasi."

Makala hii ni ya watu kama yeye: watu wa kazi, wenye imani, wanaotaka Mungu awe nao dukani, shambani, baharini na ofisini, ila hawajui waanzie wapi. Naandika kama Mwislamu aliyekaa miaka kumi na minne nyuma ya meza ya duka la khanga Tanga, kwa hiyo maneno yangu ni ya kwetu. Jirani yangu wa duka alikuwa Mkristo, na kila asubuhi aliinamisha kichwa kabla ya kufungua kufuli. Mengi ya haya tuliyazungumza naye tukinywa kahawa. Msomaji Mkristo atachukua lake bila taabu.

Kwanza kagua unachokiombea

Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za msafiri aliyechakaa kwa safari, nywele timtim, vumbi mwili mzima, ameinua mikono kumlilia Mola wake, ilhali chakula chake, kinywaji chake na nguo zake vyote ni vya haramu. Akauliza mtu huyo atajibiwaje. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Wafanyabiashara wengi ninaowajua wameisikia msikitini, wachache wameipeleka dukani.

Ipeleke. Tenga nusu saa siku ya mapumziko, kaa peke yako na ujiulize:

- Ninachouza kinaruhusiwa? Na kilo yangu ni kilo?
- Yupo anayenidai ambaye namkwepa, hali ninacho cha kumlipa?
- Msaidizi wangu amepata mshahara wa mwezi uliopita?
- Bidhaa yenye kasoro, kasoro naionyesha au naifunika?
- Swala tano zina saa zake, au kila siku kazi inazisukuma mbele?

Hilo la kasoro lina kisa. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke unyevu huo juu watu wauone. Muuza nyanya anayejaza sado kwa zilizopondeka, kisha akafunika juu kwa tatu nzuri, kisa hiki kinamhusu neno kwa neno.

Usingoje utakate kabisa ndipo uombe. Kama huo ungekuwa ndio utaratibu, misikiti ingekuwa mitupu. Chagua moja kati ya hayo matano, anza kulirekebisha wiki hii, na uombe ukiwa katikati ya marekebisho.

Dakika kumi za asubuhi

Mtume aliuombea umma wake baraka katika saa za mwanzo wa siku. Aliyeipokea hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanyabiashara, na tangu hapo akawa anatuma mizigo yake asubuhi na mapema. Tumesimuliwa kuwa mali yake iliongezeka. Alichobadilisha ni saa ya kutuma mzigo.

Utaratibu ninaowapa wanaoniuliza ni huu:

1. Swali alfajiri kwa wakati wake, hata kama kazi imekuamsha kabla. Mama wa vitumbua anaweza kuacha mchele uumuke wakati yeye yuko kwenye mswala. Dakika kumi haziharibu kitu.
2. Kabla hujatoka, taja nia yako kwa lugha ya kawaida: natoka kutafuta halali, nilipe ada ya Fulani, nipunguze deni la Fulani. Nia iliyo na majina ya watu haisahauliki njiani.
3. Mkono unapogusa kufuli, jembe, usukani, cherehani au kompyuta, sema Bismillahi. Kisha nyamaza kidogo. Ukimya huo ndio unaoonyesha kuwa hukulisema neno kwa mazoea tu.
4. Chagua jambo moja gumu la siku hiyo na uliombee kwa jina lake: mteja msumbufu, hesabu isiyolingana, mgonjwa wa kitanda cha tatu.
5. Kuanzia kama dakika ishirini baada ya jua kuchomoza hadi karibu na adhuhuri kuna swala ya Dhuha. Rakaa mbili zatosha. Mwenye duka huipata kabla wateja hawajachangamka, na mwajiriwa anaweza kuiswali nyumbani kabla hajatoka.

Ukisahau Bismillahi mwanzoni, iseme utakapokumbuka, uendelee. Nimewahi kumwona mtu akifunga duka lake na kulifungua upya kwa sababu alianza bila kuisema, na siku nzima akawa na hofu ya mkosi. Huo ni wasiwasi. Anayeitwa kwa jina hilo ni Mwingi wa rehema, hakutegi.

Jina lile lile, saa mbili baadaye

Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na kwa miaka mingi sikuliona anguko lenyewe.

Nilikuwa nafungua duka saa mbili asubuhi kwa Bismillahi ya sauti. Siku moja, kwenye saa nne, akaingia mama kutoka Pongwe anatafuta doti mbili za harusi ya mwanawe. Nikamtajia elfu tisa kwa doti. Akaniomba nipunguze. Nikamwambia, "Wallahi mama yangu, mimi mwenyewe nimeichukua kwa elfu nane na mia tano." Korija ile nilikuwa nimeinunua kwa bei iliyofanya doti iwe elfu saba. Mama hakuzigeuza tena zile khanga. Aliamini kiapo. Akafungua fundo la pindo lake, akahesabu noti, akalipa, akaniombea dua na kuondoka.

Dua yake ndiyo iliyonikaa moyoni. Niliianza siku kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kabla ya adhuhuri nikalitumia jina hilo hilo kumdanganya mtu. Mtume alikwisha kuonya kwamba kiapo huipitisha bidhaa lakini huifuta baraka, na onyo hilo nililijua tangu chuoni, nikiwa mtoto wa juzuu. Tangu siku ile naiona Bismillahi ya asubuhi kama saini: ukishaitia, umeahidi namna kazi itakavyofanywa mpaka jioni.

Kwa hiyo mfanyabiashara akiniuliza dua ya kuongeza mauzo, mimi kwanza humwuliza anaapa mara ngapi kwa siku. Wengi hawajui. Kama nawe hujui:

- Weka kikopo na punje za mahindi chini ya meza. Kila "wallahi" itokayo kinywani kwa ajili ya bei, tia punje. Hesabu jioni. Fanya hivyo siku saba.
- Andaa jibu mapema, maana kiapo hutoka pale mtu anapokosa la kusema. "Hapo sishuki, mama." "Bei yangu ndiyo hiyo, dada, tazama na kwingine." Yanatosha.
- Acha kabisa kutaja bei uliyonunulia. Hakuna anayekulazimisha.
- Ukiteleza, sahihisha mteja akiwa bado mbele yako. Inauma. Mara ya tatu ulimi utajifunza.

Najua utakachosema: sokoni kila mtu anaapa, nisipoapa nitalala njaa. Sitakudanganya. Mwezi wa kwanza niliuza kidogo kuliko kawaida, na wapo wateja walioniona mkavu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, akina mama wa mtaani walianza kuwatuma watoto wao dukani kwangu na pesa mkononi, kwa sababu walijua mtoto hataongezewa bei. Mteja wa namna hiyo hapatikani kwa kiapo.

Mfunge ngamia wako

Mtu mmoja alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache bila kumfunga na amtegemee Mungu vivyo hivyo. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hii inasomwa sana, lakini ngamia wetu ni wengine:

- Wa bodaboda ni breki, taa, tairi na helmeti mbili. Dua ya kupanda chombo isomwe helmeti iko kichwani. Na usiisome ukiwa umepakia mshikaki, abiria zaidi ya mmoja.
- Wa mvuvi ni jaketi la kuokolea na tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kusi likiwa kali na upepo umetangazwa, kubaki pwani ni sehemu ya tawakkal, yaani kumtegemea Mungu.
- Wa mkulima ni mbegu iliyo tayari kabla ya mvua aliyoiomba haijanyesha.
- Wa muuguzi ni kusoma jina la dawa na la mgonjwa mara mbili, hata zamu iwe ndefu kiasi gani.
- Wa fundi umeme ni kuzima swichi kuu. Ndugu yangu, zima swichi kuu.
- Wa mwenye duka ni daftari, na hilo nitalirudia sasa hivi.

Chuma ulete, zindiko na karatasi za ukutani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua nyingi ninazoandikiwa zinahusu jambo hili.

Mtu anauza mchana kutwa, jioni akihesabu fedha hailingani na mauzo. Jirani anamwambia ni chuma ulete: kuna mtu anazivuta pesa kimazingara. Anaambiwa alizindike duka. Anakwenda kwa mganga, au kwa mtu anayejiita shehe, analipa kuku na fedha, anarudi na kitu cha kufukia mlangoni. Mwezi unaofuata hali ni ile ile, ila sasa hata salamu na muuza duka wa pili hawapeani.

Wote walionijia na shauri hili niliwaomba jambo moja: nionyesheni daftari. Sikumbuki mmoja aliyekuwa na daftari kamili. Wanachukua hela ya mboga kwenye kijaluba cha mauzo bila kuandika. Wanakopesha kwa kichwa. Mtoto anatumwa vocha, chenji hairudi, haiulizwi. Kuna na wizi wa kawaida wa msaidizi ambaye hajalipwa.

Fanya hivi kwa siku thelathini kabla hujamshuku mtu yeyote:

1. Asubuhi hesabu fedha ya chenji unayoanza nayo, uiandike.
2. Kila kinachouzwa kiandikwe, hata pipi.
3. Kila unachotoa kwa matumizi ya nyumbani kiandikwe kwenye ukurasa wake. Usijionee haya.
4. Fedha za simu uziandike peke yake, na makato yake pia.
5. Jioni linganisha, ukiwa peke yako, mlango umefungwa.

Pamoja na hayo, jikinge kwa yaliyothibiti: nyiradi za asubuhi na jioni, Ayatul Kursi, sura tatu za mwisho wa Qur'ani. Zisome mwenyewe, kwa kinywa chako, bure. Usinunue kinga. Anayekuambia kuwa kisomo chake kinahitaji mbuzi mweusi ameshaondoka kwenye dini zamani.

Na kuna hili zito zaidi. Baadhi yenu mnataka isomwe Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mtu, dhidi ya mshindani wa biashara au bosi aliyewanyima cheo. Nawasihi, acheni. Ukishaingia katika kuomba mwenzio aangamie, huna tena nafasi moyoni ya kuomba lako lifanikiwe. Kama umedhulumiwa kweli, liko baraza la kata, yuko ofisa wa kazi, upo upatanishi mbele ya watu wazima wa msikiti. Na ipo dua ya aliyedhulumiwa, ambayo tumefundishwa kwamba haina kizuizi kati yake na Mungu. Haihitaji mchele wa manjano wala ubani.

Istikhara bila kungoja ndoto

Jabir bin Abdillah alieleza kuwa Mtume aliwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Kwa hiyo si ya ndoa peke yake. Kuhama kazi, kuchukua fremu mpya, kuingia ubia na shemeji, kuuza shamba: yote yana istikhara.

Namna yake ni nyepesi. Swali rakaa mbili za sunna, kisha soma dua yake ukilitaja jambo lako. Kama hujaihifadhi, isome kwenye kitabu au kwenye simu. Usiiswali baada ya alasiri hadi magharibi, wala baada ya alfajiri kabla jua halijapanda. Baada ya hapo chukua hatua, ukiacha njia ifunguke au ijifunge.

Makosa ninayokutana nayo:

- Kungoja ndoto. Hadithi haikutaja ndoto. Kuna mtu alipoteza fremu nzuri sokoni Mgandini kwa kulala wiki tatu akiisubiri ndoto.
- Kumlipa mtu akuswalie. Jambo ni lako, Mola ni wako.
- Kuiswali baada ya kuamua. Umeshalipa kodi ya miezi sita, unataka tu kupigiwa mhuri.
- Kuacha kuuliza watu. Muulize aliyepanga fremu ile kabla yako kwa nini alihama. Istikhara na ushauri huenda pamoja.
- Kuiswali kwa lililo haramu au lililo wajibu. Kuhusu mkopo wenye riba hakuna istikhara, na kuhusu kulipa deni hakuna istikhara.

"Njoo kesho, inshallah"

Mafundi, nasema nanyi. Neno hili tukufu mmelifanya jina la uongo. Mteja akilisikia anajua nguo haitakuwa tayari. Inshallah husemwa na mtu aliyekusudia kweli kutimiza, akakiri kwamba uwezo si wake peke yake. Kama unajua kesho una gauni kumi na moja za sare na umeme wa mgao, sema Alhamisi. Kisha sema inshallah. Na ukichelewa, mpigie simu wewe kabla yeye hajafunga safari.

Ukiwa chini ya mwajiri

Saa unazolipwa ni amana. Wapo wanaoniandikia kulalamika kwamba msimamizi anawabana kwenye swala, na wengine wana haki kabisa. Lakini nimeona pia adhuhuri ya dakika kumi ikigeuka saa nzima: udhu wa polepole, mazungumzo barazani, usingizi mdogo kwenye mkeka. Wenzako wasioswali ndio wanaobaki na foleni, na wanachojifunza juu ya dini yako ni hicho.

Zungumza na msimamizi mapema, kwa adabu, siku za kwanza za kazi. Mwambie adhuhuri kwetu huingia kama saa sita na nusu mchana, utahitaji muda gani, na nani atashika nafasi yako. Toka kwa wakati, rudi kwa wakati. Nyiradi ndefu zisome kwenye daladala. Zamu yako ikiwa ya namna ambayo kuiacha kunahatarisha uhai wa mtu, keti na mwanachuoni unayemwamini akueleze hukumu yake kabla siku hiyo haijafika, usije ukaamua katikati ya dharura.

Jioni: namna ya kushukuru

Alhamdulillahi ya kufunga duka ni nyepesi ulimini, na wengi huishia hapo. Mimi huifanya kwa mpangilio huu, na hainichukui robo saa.

Kwanza nataja matatu yaliyonijia siku hiyo, kwa majina yake. "Nashukuru kwa riziki" ni maneno mapana mno, moyo haushiki kitu. "Nashukuru kwa yule mzee aliyelipa deni la mwezi wa tatu bila kuulizwa" ni shukrani. Kisha natafuta nani alikuwa njia ya jema hilo, nimshukuru naye. Mtume aliziunganisha shukrani hizi mbili: aliyeshindwa kuwashukuru watu hakumshukuru Mungu. Mchukuzi aliyebeba belo lako kwa uangalifu, mfagizi wa ofisi, mke aliyefunga chakula saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe mfupi wa simu watosha. Wengine hawajawahi kuupata maishani.

Mwisho nauliza mkono wangu utashukuru kwa nini. Hapa kuna yaliyo ya lazima:

- Mshahara wa kibarua. Tumeamrishwa tumlipe kabla jasho lake halijakauka. Ijumaa jioni isikupite na pesa yake mfukoni mwako.
- Zaka ya biashara. Ukitimiza mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko wa kawaida, thaminisha bidhaa zako kwa bei ya sokoni ya siku hiyo, jumlisha na fedha taslimu. Ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Chagua tarehe moja ya Kiislamu uishike kila mwaka. Habari ya madeni muulize shehe, ina maelezo.
- Zaka ya mazao, siku ya mavuno. Mahindi au mpunga uliomea kwa mvua hutolewa sehemu ya kumi, na wa kumwagilia kwa gharama sehemu ya ishirini. Kiwango ni takriban kilo 650.

Likija jambo kubwa ghafla, umepata kazi, mgonjwa wako amepona, chombo kimerudi salama, ipo sijida ya shukrani: kusujudu mara moja, nje ya swala. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hutakiwa udhu na kuelekea kibla. Fanya sebuleni mwako. Hakuna haja ya picha.

Nasema hivyo kwa makusudi. Siku hizi kila mzigo mpya hupigwa picha na kuandikwa Alhamdulillahi, na mwenzio wa duka la tatu ambaye hajauza wiki nzima anaiona. Jichunguze: ungeshukuru vile vile kama simu ingekuwa imezima chaji?

Siku kavu

Kuna siku utafanya yote haya na hutauza hata kitambaa cha mezani. Hakuna kosa ulilofanya.

Soma habari za Nabii Musa alipofika Madyan, katika Suratul Qasas. Amekimbia, hana kazi, hana nyumba, ana njaa. Anawakuta mabinti wawili wameshindwa kunywesha mifugo yao kwa msongamano wa wachungaji. Anawanyweshea, hadai ujira. Ndipo anarudi kivulini na kumwambia Mola wake kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Siku hiyo hiyo anaitwa nyumbani kwa baba yao, anapata kazi ya miaka na mke. Nafsi yangu hutulia kila ninapofika pale kwenye kivuli, kwa sababu kwa wakati ule Musa hakuwa amepata kitu.

Siku kavu fanya mambo matatu: panga rafu, msaidie mtu jambo moja bila malipo, na usiseme "nimeomba lakini sijajibiwa." Sentensi hiyo tumeonywa nayo, kwamba ndiyo haraka inayomnyima mtu jibu.

Maswali yanayorudi

*Sijui Kiarabu. Dua yangu inafika?* Inafika. Ndani ya swala fuata ulichofundishwa. Nje ya swala omba kwa Kiswahili, kwa Kisambaa, kwa Kidigo, kwa lugha unayolilia.

*Sina kazi kabisa, haya yananihusu vipi?* Abdurrahman bin Auf alifika Madina mikono mitupu. Saad bin Rabii akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Alianza na jibini kavu na samli. Mwombe Mungu, kisha uliza soko liko wapi, na anza na kidogo kinachoshikika mkononi.

*Naona aibu kusema Bismillahi mbele ya wenzangu wa dini nyingine.* Iseme kimoyomoyo. Wakisali wao kabla ya kikao, kaa kwa heshima. Mnachoomba wote ni kheri ya kazi moja.

*Nimepata hasara, nishukuru nini?* Usijilazimishe kucheka. Lia, hesabu, andika kilichobaki. Anayeweza kusema Alhamdulillahi ala kulli hal aseme. Asiyeweza leo ataiweza wiki ijayo.

*Kuna niliyemdhulumu kibiashara na simpati tena. Nitafanyaje?* Swali hili nimeliacha mwisho kwa sababu ni langu. Wanachuoni wanasema mtafute kwanza kwa juhudi zako zote. Ukishindwa, itoe ile haki yake sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea mweleze: akiridhia thawabu ni zake, akitaka fedha yake umlipe. Nilikwenda Pongwe mara mbili nikamwulizia mama aliyekuwa na harusi mwaka ule. Waliokuwa na harusi mwaka ule walikuwa wengi, na sikuwa hata na jina lake. Nilitoa elfu tatu kwa yatima kwa niaba yake, zile elfu moja na mia tano za kila doti nilizozipitisha kwa kiapo. Kisha niliandika kwenye ukurasa wa madeni wa daftari, "Mama wa Pongwe, doti mbili, 3,000." Duka nimeshaliuza. Daftari ninalo, na jina lake sijalikata.